Barghash bin Said

Barghash bin Said Al-Busaid (1837 – 26 Machi 1888) alikuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia tarehe 7 Oktoba 1870 hadi kifo chake. Alikuwa sultani wa pili tangu Zanzibar itenganishwe na Oman, akimfuata kaka yake Majid bin Said.

Anakumbukwa kwa mambo matatu: mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, majengo na huduma alizouletea mji wake, na kupotea kwa sehemu kubwa ya bara mikononi mwa Wajerumani na Waingereza. Mara nyingi mambo hayo husimuliwa kila moja peke yake. Katika maisha ya Barghash yalifungamana: serikali aliyoirithi ilitegemea biashara na kazi ya watumwa, na dola iliyomlazimisha kuifunga biashara hiyo ndiyo aliyozidi kuitegemea hadi mwisho wa utawala wake.

Familia na ujana

Barghash alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyehamishia makao yake Unguja. Mama yake alikuwa suria Mhabeshi. Suria alikuwa mtumwa wa kike aliyewekwa nyumbani na bwana wake, na kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na kukubaliwa na baba alikuwa huru, mwenye haki ya kurithi kama ndugu zake wengine. Kwa hiyo mtu aliyekuja kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa alikuwa mwenyewe mwana wa mwanamke aliyefika Zanzibar kama mtumwa. Hali hiyo haikuwa ya ajabu katika jumba la kifalme. Dada yake wa baba mmoja, Salme, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, alizaliwa na suria Mcherkesi.

Said alifariki Oktoba 1856 akiwa baharini, akirudi kutoka Maskati. Barghash alikuwa naye katika safari hiyo. Meli ilipofika alijaribu kushika madaraka haraka kabla habari hazijaenea, lakini hakufaulu, na Majid akawa mtawala wa Zanzibar.

Uasi wa 1859

Mwaka 1859 Barghash alijaribu tena. Aliungwa mkono na Waarabu wa kabila la Harthi pamoja na dada zake kadhaa, akiwemo Salme, aliyekuwa msichana mdogo na aliyewaandikia barua kwa sababu alijua kuandika. Nyumba yake ilipozingirwa, Barghash alitoroka akiwa amevaa nguo za kike, akajiunga na wafuasi wake katika shamba lililoitwa Marseille. Majid aliomba msaada wa konsuli wa Uingereza, na mabaharia wa Kiingereza wakasaidia kuuvunja uasi. Barghash alipelekwa Bombay, Uhindi, akakaa huko miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Tukio hilo lilimpa mafunzo mawili. Bombay aliona mji wenye bandari kubwa, mitambo ya chapa na utawala wa kisasa, na mengi aliyoyafanya Unguja baadaye yalifuata mfano huo. Tena alijifunza kwamba kiti cha Zanzibar kilikuwa chini ya ulinzi wa manowari za Uingereza. Mwaka 1861 jambo hilo lilithibitika: Waingereza waliamua ugomvi kati ya Majid na kaka yake Thuwaini wa Maskati kwa kuzitenganisha nchi hizo mbili, na Zanzibar ikatakiwa kulipa riali 40,000 kila mwaka kwa Maskati.

Serikali iliyotegemea utumwa

Zanzibar ya karne ya 19 haikuwa na jeshi kubwa wala kodi ya ardhi ya kutosha. Mapato ya sultani yalitoka hasa forodhani. Ukusanyaji wa ushuru ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kwa muda mrefu nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, ambao walimlipa sultani kiasi kilichokubaliwa na kubaki na ziada. Bidhaa kuu zilikuwa pembe za ndovu, karafuu na watumwa, na utumwa uliingia katika zote tatu. Watumwa wenyewe walitozwa ushuru. Karafuu zilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Misafara ya pembe ilikuwa na wapagazi wengi wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, lakini pia watumwa.

Watumwa wengi walitoka kusini. Misafara iliondoka maeneo ya Ziwa Nyasa na nchi za Wayao, Wamakua na Wangindo, ikashuka hadi Kilwa, na kutoka Kilwa watu walisafirishwa kwa majahazi hadi Unguja. Ndiyo maana watumwa wengi Zanzibar waliitwa Wanyasa, hata kama makabila yao yalikuwa tofauti. Nyanda za Juu Kusini, pamoja na Ubena ambako leo iko miji ya Njombe na Makambako, zilikuwa wakati huo katika vita vya mara kwa mara kati ya Wangoni, Wasangu, Wahehe na Wabena. Mateka wengi walibaki kwa watekaji wao na kuingizwa katika jamii zao. Wengine waliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani.

Kabla ya Barghash kulikuwa na mikataba miwili na Uingereza. Ule wa 1822 ulikataza kuwauzia Wakristo watumwa. Ule wa 1845 ulikataza kuwapeleka nje ya milki ya sultani barani Afrika. Mikataba yote miwili iliacha mlango wazi: kumpeleka mtumwa kutoka Kilwa hadi Unguja au Pemba kuliendelea kuwa halali. Jahazi lililofika Unguja kihalali liliweza kuondoka usiku kuelekea Uarabuni.

Kutawazwa na kimbunga cha 1872

Majid alifariki tarehe 7 Oktoba 1870, na Barghash akatawazwa bila vita. Waingereza walitarajia kwamba angekuwa msikivu kuhusu biashara ya watumwa. Mwanzoni hakuwa hivyo. Wengi waliomuunga mkono walikuwa wenye mashamba na watu wa dini, na kuwanyima watumwa kungekuwa kuwageuka.

Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja. Kilizamisha vyombo vingi bandarini, zikiwemo meli za sultani, na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba haikuumia sana. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo hasara ya Unguja ilikuwa ya muda mrefu, na Pemba ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Matokeo yake kwa watumwa yalikuwa makubwa: wenye mashamba ya Unguja walihitaji mikono ya kupanda upya, na wa Pemba walihitaji mikono ya kuchuma. Barghash alitakiwa kukata biashara hiyo wakati hasa raia wake wenye mali walipoihitaji zaidi.

Mkataba wa 1873

Uingereza, habari za David Livingstone kuhusu mateso ya watumwa, hasa mauaji aliyoyashuhudia Nyangwe mwaka 1871, ziliamsha hasira ya watu. Serikali ilimtuma Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, afike Zanzibar Januari 1873 na mkataba mpya. Barghash alikataa. Alieleza hasara ya kimbunga, akasema kwamba jambo hilo lingewaangamiza watu wake na kuhatarisha kiti chake. Frere aliondoka mikono mitupu.

Kazi ikabaki kwa John Kirk, daktari Mskoti aliyewahi kusafiri na Livingstone katika mto Zambezi na ambaye sasa alikuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja. Amri ilikuja kutoka London: sultani akubali, la sivyo manowari zingefunga bandari ya Unguja. Kisiwa kilichoishi kwa forodha na kula mchele wa kuagizwa kisingeweza kustahimili kufungwa bandari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi.

Mkataba huo ulikuwa na mambo makuu yafuatayo:

- Kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari kulipigwa marufuku kabisa, hata kati ya bandari za sultani mwenyewe.
- Masoko yote ya watumwa katika milki ya sultani yalifungwa.
- Watumwa walioachwa huru walipewa ulinzi.
- Raia wa Uhindi waliokuwa chini ya Uingereza walikatazwa kumiliki watumwa.

Soko la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mara moja. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali hapo. Ujenzi ulisimamiwa na askofu Edward Steere, mtaalamu wa lugha ya Kiswahili, na kanisa hilo bado lipo.

Njia ya nchi kavu na matangazo ya 1876

Mkataba ulizungumza juu ya bahari. Wafanyabiashara waligeukia nchi kavu. Misafara iliyofika Kilwa haikupanda majahazi tena, bali ilitembea kaskazini kufuata pwani hadi Pangani na mbele zaidi, na wengine walivushwa usiku hadi Pemba, kwa kuwa mkondo wa bahari hapo si mpana. Safari ilikuwa ndefu kuliko zamani, na mateso ya waliofungwa minyororo yaliongezeka badala ya kupungua.

Aprili 1876 Barghash alitoa matangazo ya kukataza misafara ya watumwa kuingia pwani kutoka bara na kuwasafirisha kwa njia ya nchi kavu. Hapa alikwenda mbali kuliko mkataba wenyewe, ingawa shinikizo la Kirk lilikuwa kubwa. Ili matangazo hayo yawe na nguvu alihitaji askari, na mwaka 1877 ofisa wa wanamaji wa Kiingereza, Lloyd Mathews, alianza kumfundishia jeshi jipya. Biashara ya siri haikuisha. Mwaka 1881 nahodha Charles Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kukagua jahazi lenye watumwa. Hata hivyo biashara kubwa ya wazi, iliyokuwa ikipeleka maelfu ya watu Unguja kila mwaka, ilivunjika.

Baadhi ya waliookolewa baharini walipewa makazi katika vituo vya misheni, kama Mbweni huko Unguja na Freretown karibu na Mombasa. Mwaka 1876 askofu Steere aliongoza kundi la walioachwa huru kuelekea kwao upande wa Ziwa Nyasa. Walisimama njiani na kuanzisha makazi Masasi.

Utumwa uliobaki

Mkataba wa 1873 ulifuta biashara, haukufuta utumwa. Aliyekuwa mtumwa shambani tarehe 4 Juni alibaki mtumwa tarehe 6 Juni. Kwa desturi alimlimia bwana wake siku nyingi za juma na kuachiwa siku moja au mbili za kulima kijishamba chake. Mjini watumwa wengi walifanya kazi za kibarua na kumpelekea bwana sehemu ya ujira. Barghash mwenyewe aliendelea kuwa na mashamba na watumwa, na jumba la Maruhubi, lililokamilika miaka ya mwanzo ya 1880, lilikuwa makazi ya masuria wake.

Ulinganisho na Marekani

Hatua hiyo ya kukataza biashara na kuacha utumwa haikuwa ya Zanzibar peke yake. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 ililizuia bunge kukataza uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808, na ikahesabu watumwa kuwa sawa na tatu ya tano ya idadi yao katika kugawa viti vya wawakilishi, hivyo majimbo ya wenye watumwa yakapata nguvu zaidi serikalini. Rais Thomas Jefferson alitia sahihi sheria ya kukataza uingizaji huo mwaka 1807, naye akaendelea kumiliki watumwa hadi kufa kwake. Utumwa wenyewe ulifutwa nchini humo mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Tofauti ni kwamba Wamarekani waliamua wenyewe, kwa kuchelewa na kwa damu nyingi, wakati Zanzibar iliamuliwa na dola ya nje. Nchi hizo pia ziliunganishwa na biashara. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Said bin Sultan mwaka 1833 na kufungua ubalozi mdogo Unguja mwaka 1837. Kitambaa cha pamba kilicholetwa na meli zake kiliitwa merikani, na kilikuwa fedha ya misafara hadi ndani kabisa ya bara. Pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, na huku Afrika Mashariki kitambaa hichohicho kilinunua pembe na watu.

Safari ya Ulaya na maendeleo ya mji

Mwaka 1875 Barghash alikaribishwa Uingereza kwa heshima kubwa, akaonana na Malkia Victoria. Dada yake Salme, aliyekuwa amekimbia Zanzibar mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, alikwenda London kutafuta upatanisho. Waingereza walimzuia asimwone, na Barghash hakumsamehe kamwe.

Aliporudi aliongeza juhudi za kuujenga mji. Alileta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, jambo lililopunguza hatari ya maradhi katika mji uliopigwa na kipindupindu mara kadhaa. Alijenga hamamu ya umma mtaa unaoitwa hadi leo Hamamni. Alinunua meli za moshi zilizosafiri kati ya Unguja na Bombay, zikasaidia kuleta mchele kwa bei nafuu. Alianzisha mtambo wa chapa uliotoa vitabu vya dini. Mwaka 1879 waya wa simu wa baharini uliiunganisha Unguja na Aden. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib, jumba kubwa la sherehe, lilikamilika mbele ya bahari. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020.

Kugawanywa kwa bara

Wakuu wa misafara na baadhi ya watawala wa bara walimtambua sultani, lakini nje ya pwani hakuwa na utawala wa kudumu. Udhaifu huo ulionekana mwishoni mwa 1884, Carl Peters alipopita Usagara, Ukami, Uzigua na Nguru akikusanya mikataba. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi. Barghash alipinga. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake zikielekeza mizinga mjini; Salme alikuwa amekuja pamoja nazo. Barghash aligeukia Uingereza, ambayo kwa miaka 12 alikuwa ametekeleza matakwa yake kuhusu watumwa. Safari hii manowari za Kiingereza hazikumsaidia. Serikali ya London haikutaka ugomvi na Ujerumani, na Kirk aliamriwa amshauri akubali.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalimwachia Barghash visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na miji kadhaa ya pwani ya Somalia. Nchi iliyobaki kati ya mto Ruvuma na mto Tana iligawanywa kati ya mataifa hayo mawili. Hakuna mtawala wa bara aliyeulizwa, wala Mhehe, wala Mbena, wala Mchagga. Mwaka 1887 Wareno waliteka Tungi kusini mwa Ruvuma, na mwaka huohuo Barghash aliwakodishia Waingereza pwani iliyo Kenya ya leo.

Kifo na yaliyofuata

Barghash alifariki Unguja tarehe 26 Machi 1888 baada ya kuugua, akiwa na umri wa miaka 51 hivi. Alirithiwa na mdogo wake Khalifa bin Said. Mwezi uliofuata Khalifa aliwakodishia Wajerumani pwani ya Tanganyika, na kabla ya mwaka kwisha vita vya Abushiri vilizuka. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa nchi lindwa chini ya Uingereza. Mwana wa Barghash, Khalid, alijaribu kutwaa kiti Agosti 1896, akaondolewa na mizinga ya Waingereza katika vita vilivyodumu chini ya saa moja.

Utumwa ulikufa polepole. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitangaza kwamba mahakama za Unguja na Pemba hazitaitambua tena hali ya utumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba, na bwana wake aliweza kulipwa fidia, mtumwa hakulipwa. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Bara, Wajerumani waliamua tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Kwa hiyo mtu aliyetekwa utotoni katika vita vya kusini siku za Barghash aliweza kufikia uzee kabla sheria ya nchi haijamtambua kuwa huru.

Tathmini

Wako wanaomsifu Barghash kama mfalme aliyekomesha biashara ya watumwa, na wako wanaosema kwamba sifa hiyo ni ya manowari tu. Yote mawili yana ukweli wake. Hakutaka mkataba wa 1873, lakini baada ya kuukubali aliutekeleza kuliko wengi walivyotarajia, na matangazo ya 1876 yalimgharimu mapato na marafiki. Wakati huohuo hakuugusa utumwa wa mashambani, kwa sababu ndio uliowaweka wenye mashamba upande wake. Maelfu ya watu hawakuvushwa tena kutoka Kilwa kwenda kuuzwa Mkunazini. Waliokwisha kuvushwa walisubiri miaka 24 kabla ya kupewa njia ya kuudai uhuru wao.